Nilisema Thunder, Thunder wakashinda, na bado nilikosea

Kuna mada nimekuwa naikwepa tangu Juni 2025 kama mtu anayedaiwa anavyokwepa kupita mbele ya duka la Mangi. Leo naitoa, maana kila zinapokaribia fainali za NBA mnaanza kuniuliza swali lile lile: "Nani anachukua, na kwa michezo mingapi?" Nusu ya kwanza ya swali hilo naipenda sana. Nusu ya pili imenitia aibu ndani ya ukoo.

Tuanze na ujumbe wa simu. Jumatatu, Juni 23, 2025, saa kumi na moja na nusu alfajiri imepita kidogo. Mchezo wa saba ndiyo kwanza umeisha, Oklahoma City Thunder 103, Indiana Pacers 91. Macho mekundu, kikombe cha tatu cha chai ya rangi kiko mezani. Simu inaita mlio wa ujumbe. Ni dogo, mtoto wa mama mdogo, anasoma chuo hapa hapa Dar. Kaandika: "Hongera kaka, timu yako imebeba ndoo. Mimi kodi ya geto sina."

Nikacheka, nikajua utani. Haukuwa utani.

Kabla ya fainali zile kuanza nilikuwa nimeandika, na kusema kila kijiwe nilichokaa, kwamba Thunder watashinda kwa michezo mitano. Siyo "nadhani". Niliandika "andikeni mahali". Dogo akaandika mahali kweli, ila mahali penyewe palikuwa kwenye mkeka wa kubeti: Thunder 4-1, shilingi laki moja. Mkeka ule ukachanika alfajiri ya Juni 12, pale Pacers walipopata ushindi wao wa pili. Thunder wakichukua au wasichukue, 4-1 ilikuwa haiwezekani tena. Halafu, kama kawaida ya mtu aliyeliwa, akaanza kuifukuzia hela yake. Kabla ya mchezo wa sita akanipigia: "Kaka, leo inaisha?" Nikamjibu bila hata kukaa vizuri kwenye kiti: "Haliburton anachechemea kigimbi, imeisha hiyo." Akaweka elfu themanini Thunder wamalize. Pacers wakashinda 108 kwa 91.

Mchezo wa saba hakuwa na hela ya kuweka. Ndiyo pekee ambao ningempatia, na ndiyo Thunder walioshinda.

Sasa kuna mtu ataniambia kosa ni la dogo, mtu mzima, hakushikiwa bunduki. Sawa, na nimemwambia hivyo hivyo. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na nikirudi kusoma nilichoandika kabla ya fainali zile naona kitu ambacho kubeti hakukukianzisha, kulikifichua tu. Nilitaja namba ambayo sikuwa na haki ya kuitaja kwa sauti ile, na nikaijengea sababu ambazo mchezo wa kwanza tu ulizivunja. Timu niliyoitaja ikashinda, kwa hiyo watu wakanipongeza. Hapo ndipo penye tatizo. Katika utabiri unaweza kupata jibu sahihi kwa hesabu mbovu, na hakuna mwalimu wa kukuandikia "onyesha njia".

Hebu niwaonyeshe njia yangu ilivyokuwa.

Thunder walimaliza msimu wa kawaida wakiwa wameshinda 68 na kupoteza 14. Wastani wa tofauti ya pointi kati yao na wapinzani ulikuwa karibu 13 kwa kila mchezo, na katika historia yote ya NBA hakuna timu iliyowahi kumaliza msimu na tofauti kubwa zaidi ya hiyo. Walikuwa na Shai Gilgeous-Alexander, mchezaji bora wa msimu. Walikuwa na watu watano au sita ambao kazi yao ni kukunyang'anya mpira mkononi kama vibaka wa kituo cha daladala. Pacers walishinda 50 na kupoteza 32, na msimu waliuanza vibaya sana: ushindi 10, vipigo 15. Nikasema jamani, hapa kuna nini cha kujadili?

Sababu yangu kubwa ilikuwa moja. Pacers wanaishi kwa kasi na kwa kutunza mpira. Thunder wanaishi kwa kuiba mpira. Pacers wakianza kupoteza mipira, kwisha habari yao. Niliiandika sababu hiyo kwa kujiamini kabisa, aya nzima.

Mchezo wa kwanza, Juni 5 huko Oklahoma City (kwetu ilikuwa Ijumaa saa tisa na nusu usiku), Pacers wakapoteza mipira zaidi ya mara 20, mingi katika nusu ya kwanza. Yaani nilichotabiri kilitokea, na kilitokea kuliko nilivyotabiri. Robo ya nne wakawa nyuma kwa pointi 15. Mchezo mzima hawakuongoza hata mara moja... mpaka Tyrese Haliburton aliporuka na kutupa mpira uliotumbukia zikiwa zimebaki sekunde 0.3. Pacers 111, Thunder 110. Sababu yangu ilitimia yote na timu yangu ikapigwa. Mwenye akili angesimama hapo na kujiuliza alichokiacha nje ya hesabu. Mimi nikaandika kwamba ni bahati.

Bahati! Wakati mambo yalikuwa wazi mezani. Raundi ya kwanza dhidi ya Milwaukee Bucks, mchezo wa tano, Pacers walikuwa nyuma kwa pointi 7 ndani ya dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Wakashinda 119 kwa 118. Raundi ya pili dhidi ya Cleveland Cavaliers, timu iliyoshinda michezo 64 msimu ule, wakawa tena nyuma kwa pointi 7 ndani ya dakika ya mwisho ya mchezo wa pili. Wakashinda 120 kwa 119. Raundi ya tatu, New York, mchezo wa kwanza dhidi ya Knicks, nyuma kwa pointi 14 zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu. Haliburton akasawazisha king'ora kinalia, wakamaliza kazi kwenye muda wa nyongeza, 138 kwa 135. Kitu kikitokea mara moja ni bahati. Kikitokea raundi nne mfululizo mtabiri anatakiwa akae chini atafute kinachokisababisha.

Kilichokisababisha kilikuwepo. Pacers walikuwa wanatumia watu kumi, siyo saba au wanane kama timu nyingi zinavyofanya zikifika mtoano. Walimbana mwenye mpira kuanzia chini ya goli lake, uwanja mzima, usiku kucha. Katika robo ya kwanza jambo hilo halionekani kwenye ubao. Katika robo ya nne miguu ya mpinzani inakuwa mizito, anatupa mpira mfupi, anachelewa kurudi. T.J. McConnell, kajamaa kafupi kanakotokea benchi, katika mchezo wa tatu aliiba mipira mitano, mingine pale pale wapinzani wanapourusha kuuingiza uwanjani. Bennedict Mathurin naye alitokea benchi usiku ule ule akafunga pointi 27. Na Pascal Siakam, yule Mcameroon aliyekwisha kubeba ubingwa na Toronto mwaka 2019, hakuwa mtu wa kutishwa na jina la fainali. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu raundi tatu. Niliyaweka pembeni kwa sababu namba 68 ilikuwa kubwa na inapendeza kwenye sentensi.

Hapa naomba niseme kitu kuhusu taaluma yetu, maana wenzangu nao wamo. Sisi tunaochambua michezo kwa Kiswahili tuna namna mbili za kutabiri, na zote ni mbovu. Ya kwanza mnaijua: "mpira unadunda, dakika zitaongea, timu zote ni nzuri". Huyo ameshalipwa na hajasema kitu. Hata mpira usingedunda angesema hivyo hivyo. Ya pili ndiyo niliyoichagua, nikijiona shujaa kwa kuikimbia ile ya kwanza: kupiga kifua na namba. "Tano! Andikeni!" Nilidhani kinyume cha uoga ni kelele. Mtu wa kwanza haongopi kwa sababu hasemi. Wa pili anaongopa kuhusu kiasi anachojua.

Na uongo huo unapimika kabisa. Fuatana nami kidogo, hesabu si ngumu. Chukua timu kali sana, yenye nafasi ya asilimia 70 ya kushinda kila mchezo mmoja mmoja dhidi ya mpinzani huyo. Timu za namna hiyo kwenye fainali ni adimu, lakini tuipe. Bingwa ni anayefikisha ushindi wa minne kwanza. Ukipiga hesabu, timu hiyo itachukua ubingwa mara 87 katika 100. Safi, unaweza kutembea kifua mbele. Sasa iulize hesabu hiyo hiyo: itachukua kwa michezo mingapi? Minne kamili, asilimia 24. Mitano, karibu 29. Sita, kama 22. Saba, 13. Maana yake hata ukiijua timu kuliko kocha wake, ukisema "michezo mitano", ambalo ndilo jibu bora kuliko yote uliyonayo, utakosea mara 71 katika 100! Na kama timu yako ina asilimia 60 kwa mchezo, ambayo ndiyo hali ya kawaida zaidi, hata ubingwa wenyewe unashuka hadi asilimia 71.

Dogo hakuwa na hesabu hii. Mimi nilikuwa nayo, niliisoma zamani, nikaificha kwa sababu "Thunder, asilimia 80 hivi, idadi ya michezo sijui" haivutii. Anayepokea hela za mikeka anaijua pia, ndiyo maana jibu la 4-1 huwa analipa vizuri kuliko jibu la nani bingwa. Anakulipa kwa ujinga wako uliokubali kuubeba. Ila niishie hapo, nisije nikageuza mada kuwa hotuba ya kubeti. Mama mdogo keshaitoa hotuba hiyo vizuri zaidi yangu. Alinipigia siku mbili baadaye, nikampa shikamoo, akaipokea kwa sauti ile ya kuonyesha kwamba ameipokea kwa sababu ya dini tu. Akasema, "Mwanangu, wewe si ndiyo unaandika magazetini? Mdogo wako anasema ulimwambia." Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini, kwamba 29 katika 100?

Turudi uwanjani, kwa sababu sitaki mfikiri kwamba naona utabiri ni upuuzi. Naona kinyume chake. Utabiri ndiyo mtihani pekee ambao mchambuzi anaufanya mbele za watu. Lakini inabidi tujue kipi kinaweza kujulikana mapema na kipi hakiwezi.

Kinachoweza kujulikana, na watu wengi hawakiangalii, ni nani anamsumbua nani. Mfano wangu mkubwa ni fainali za 2004, Los Angeles Lakers na Detroit Pistons. Mimi nilikuwa darasa la pili, lakini nyumbani zilikuwa kama msiba, kwa sababu kaka yangu mkubwa alikuwa na fulana ya Kobe Bryant namba 8 aliyoivaa hata kanisani. Nimezirudia kuziangalia ukubwani. Lakers walikuwa na Shaquille O'Neal na Kobe, na msimu ule wakawa wamewaongeza Karl Malone na Gary Payton waliokuja uzeeni kuutafuta ubingwa. Majina manne ya kutisha. Pistons hawakuwa na jina hata moja la ukubwa huo. Walikuwa na kocha Larry Brown, Ben Wallace, Rasheed Wallace aliyekuja Februari mwaka ule ule, Richard Hamilton, Tayshaun Prince mwenye mikono mirefu kama ngazi, na Chauncey Billups. Karibu kila mtu alisema Lakers, wengi kwa ufupi kabisa.

Pistons wakashinda 4-1.

Sasa tazama mchezo wa kwanza tu. Pistons 87, Lakers 75, huko huko Los Angeles. Shaq alifunga 34, Kobe 25. Jumla 59. Lakers wengine wote kwa pamoja, 16! Pistons walikuwa wamemwachia Shaq ale anavyotaka, wakamweka Prince mbele ya Kobe ili kila mtupo autolee jasho, na wengine wakafungiwa maji na umeme. Mchezo wa tatu Lakers walipata pointi 68. Na hili halikuwa muujiza wa Juni. Machi mwaka ule Pistons walizuia wapinzani watano mfululizo wasifikishe pointi 70. Rekodi zao za msimu wa kawaida zilikuwa karibu sawa: Lakers 56, Pistons 54. Watabiri hawakukosa taarifa, walihesabu majina tu. Ule ulikuwa utabiri unaoweza kupatikana kwa kuangalia, na ndiyo maana naamini kosa la 2004 ni la wachambuzi na si la mpira kudunda.

Kisichoweza kujulikana ni miguu ya watu. Hapo nanyoosha mikono. Malone mwenyewe aliumia goti katika fainali zile za 2004 na mchezo wa mwisho hakucheza. Mwaka 2016 Golden State Warriors, walioshinda 73 msimu wa kawaida, walikuwa mbele 3-1 dhidi ya Cleveland. Draymond Green akafungiwa mchezo wa tano, Andrew Bogut akaumia katika mchezo huo huo, na LeBron James na Kyrie Irving wakapanda kutoka shimo ambalo hakuna aliyewahi kulipanda katika fainali za NBA. Mwaka 2019 Warriors hao hao walimpoteza Kevin Durant katika mchezo wa tano, ukano wa Achilles, na Klay Thompson katika mchezo wa sita, goti. Toronto Raptors wakachukua 4-2. (Timu ile ilijengwa na Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, kwa hiyo majirani zetu walidai kipande cha kombe, na sikuwabishia.) Je, aliyesema Raptors kabla ya fainali alikuwa mtabiri mzuri? Kama alisema kwa sababu ya Kawhi Leonard na ulinzi, ndiyo, nusu. Ila hakuna aliyeandika mapema kwamba Durant atavunjika Juni 10.

Na 2025 ikawa hivyo hivyo, ila kwa namna ya kuumiza roho zaidi. Kufikia mchezo wa saba timu hizi zilikuwa zimecheza zaidi ya michezo 100 kila moja tangu Oktoba. Haliburton alikuwa ameumia kigimbi katika mchezo wa tano, ule ambao Jalen Williams wa Thunder alifunga pointi 40. Akajilazimisha kucheza wa sita, na timu yake ikaenda mapumziko ikiongoza 64 kwa 42. (Ndiyo usiku wa "imeisha hiyo" yangu.) Mchezo wa saba akaanza kama mtu mwenye deni na muda: mitupo mitatu ya pointi tatu ikaingia kabla robo ya kwanza haijaisha. Halafu akapiga hatua ya kuingia golini, mguu wa kulia ukakataa, akaanguka na kuanza kupiga sakafu kwa mkono. Ukano wa Achilles. Mkimwona baba yake anavyotikisa kichwa kwenye picha za siku ile hamtacheka.

Pamoja na hayo Pacers walienda mapumziko wakiongoza, 48 kwa 47. Bila yeye! Thunder wakaja kuwakimbia robo ya tatu. Gilgeous-Alexander akamaliza na pointi 29 na pasi 12 za mabao. Ubingwa halali, sina neno. Lakini nikiulizwa kwa kiapo kama utabiri wangu ulithibitishwa, nitasema hapana. Nilisema Thunder wangeshinda kwa urahisi kwa sababu Pacers hawawezi kuhimili kuporwa mipira. Thunder walishinda kwa taabu, mchezo wa saba, nyumbani kwao, dhidi ya timu iliyopoteza roho yake robo ya kwanza. Kabla ya usiku ule fainali za NBA zilikuwa zimefika mchezo wa saba mara 19, na wenyeji walishinda 15. Wale wanne waliovunja mwiko ni Boston mara mbili, 1969 na 1974, Washington 1978, na Cleveland ile ya 2016. Ukiniuliza nani alikuwa karibu kuwa wa tano, nitakuonyesha dakika zile chache kabla Haliburton hajaanguka.

Sasa mnaniuliza nitafanyaje tena fainali zikija. Nitatabiri, tena kwa jina. Ila nitaandika hivi: timu, na asilimia ninayoiamini kweli. Kama ni 55 nitaandika 55, mkinicheka mcheke. Baada ya hapo sababu mbili zinazohusu nani anamsumbua nani, siyo orodha ya majina wala ushindi wa msimu. Kisha kitu kimoja ambacho kikitokea katika michezo miwili ya kwanza nitakubali hadharani kwamba nilisoma vibaya. Mwaka 2025 kitu hicho kingekuwa: "Pacers wakipoteza mipira 20 na bado wakashinda, sahauni nilichosema." Kingetokea usiku wa kwanza, na ningetakiwa kuwaambia siku ile ile kwamba sijui ninachokiongea. Pengine dogo angeisoma hiyo badala ya "ni bahati". Idadi ya michezo sitaandika tena. Anayeitaka sana achezeshe kete.

Kodi ya geto nilichangia nusu. Dogo alipokea bila kusema asante, na kwa wiki kadhaa alikuwa ananiita "Sheikh Yahya" kila tukikutana, jina ambalo wazee wa unajimu hapa Dar watalielewa. Mwezi wa pili uliofuata akaja nyumbani kuangalia mchezo wa ligi, wa kawaida tu, hauna maana yoyote. Robo ya tatu akaniuliza, macho kwenye runinga, "Kaka, hapa unampa nani?" Nikamwambia wenyeji, 60. Akatulia, halafu akauliza kwa nini. Tukabishana mpaka mchezo ukaisha, na kwa kweli nimesahau nani alishinda.

Waliosema Pacers kabla ya mchezo wa kwanza wa 2025 najua mpo, mlinitumia vijembe vya kutosha. Leteni sababu mlizokuwa nazo SIKU ILE, siyo mlizozipata baadaye. Nataka kuzisoma kweli.